Mwanangu ameanza kushukuru chakula kwa Kijapani. Kwenu mnashukuru vipi?

mama_majaruba (Chekereni, Moshi)

Habari zenu wadau. Naomba mawazo yenu. Jambo lenyewe ni dogo lakini limenikaa moyoni wiki mbili sasa.

Mimi ni mkulima wa mpunga hapa Chekereni, huku tambarare. Wanaoijua skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi wanajua ilijengwa kwa msaada wa Wajapani ikakamilika mwaka 1987. Marehemu baba yangu aliyaona majaruba yale, yaani vipande vya shamba la mpunga vya mita 100 kwa 30, yakipimwa kwa mara ya kwanza, na mpaka anafariki alikuwa akisimulia walivyofundishwa kupandikiza kwa mistari, watu wawili wameshika kamba huku na huku. Kwa hiyo jina la Japani nimekua nalo. Lakini ungeniuliza watu wale kwao wanaishije, wanakulaje, nisingekuwa na la kukujibu.

Sasa muhula huu darasani kwa binti yangu, yuko la tano, alipita kijana wa kujitolea kutoka Japani. Aliwafundisha kwamba kwao kabla ya kula wanakutanisha viganja na kusema "itadakimasu", na wakimaliza wanasema "gochisosama". Akawaandikia ubaoni herufi yao ya mchele. Binti alivyorudi akaichora kwa mkaa pale jikoni: juu kuna nane, katikati kumi, chini nane. Kwao nane-kumi-nane ndiyo themanini na nane. Wazee wa kule husema punje ya mchele hupita mara 88 mikononi mwa mkulima kabla haijafika mdomoni.

Huyu binti ndiye anayeacha wali kwenye sahani kila siku, na kuku wangu wanamjua. Jioni ile tulisali kama kawaida, akakutanisha viganja, akasema yale maneno, akala. Kisha nikamwona anapitisha kidole kwenye ukingo wa sahani, anazifuata punje moja moja, hata ile iliyoganda kwenye jani la mchicha. Alipomaliza akaniuliza: "Mama, na sisi tunafika themanini na nane?"

Nimelima miaka kumi na saba, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo.

Tukaleta bakuli la maharage, kila kazi harage moja mkekani. Kuchagua mbegu kwa maji ya chumvi. Kuloweka. Kuvundika. Kuandaa kitalu, kumwaga, kulinda kitalu. Kuzibua mfereji. Kulima kwa pawatila (trekta dogo la mkono), kuchabanga (kuvuruga tope), kusawazisha. Kung'oa miche, kufunga mafungu, kuvuta kamba, kupandikiza. Kuamka saa nane usiku na tochi kwa ajili ya zamu ya maji. Mbolea mara mbili, palizi mara mbili. Kukaa na kopo na mawe tangu alfajiri kufukuza kwelea kwelea, wale ndege ukichelewa nusu saa wameshaunyonya mpunga wote ukiwa bado maziwa. Kukata, kupiga, kupepeta, kuanika, kugeuza, kuokota kabla ya mvua. Mashine. Kupembua, kutoa mawe, kuosha. Mama mkwe alikuwa kimya pembeni, ghafla akasema, "Na kuni je?" Tukaweka harage la kuni. Na nyingine ndogo ndogo, tulifika 43, usingizi ukamchukua mtoto pale pale mkekani.

Maswali yangu ni mawili. La kwanza, mama mkwe ana wasiwasi. Anasema nyumba hii inasali kwa jina la Yesu, hayo maneno ni ya mungu gani? Sitaki kumvunjia heshima, na sitaki kumzima mtoto.

La pili ndilo linaloniuma. Tunasali kila mlo, tunamshukuru Mungu, na ni haki yake. Ila mikono ya watu haitajwi. Msimu uliopita nililala na malaria siku tatu, na zamu yangu ya maji ilikuwa humo humo ndani. Siku ya nne nilijikongoja shambani nikitegemea kukuta ardhi imepasuka. Nikakuta maji yamefika kwenye kifundo cha mguu. Mzee anayesimamia mageti ya mfereji wetu alinifungulia usiku na akafunga zamu ilipoisha. Tulipokutana nilimpa shikamoo, tukazungumza habari za bei ya mbolea, nikapita. Mpaka leo sijamwambia asante. Nilijiambia ndiyo kazi yake.

Kwenu mnawafundishaje watoto kushukuru vitu vya kila siku?

---

mwanakyela

Dada, mwache mtoto. Sisi nyumbani marehemu mama alikuwa na neno moja tu: mtoto akiacha wali anamwambia, "Kesho unaenda wewe kulinda ndege." Ukienda siku moja kuanzia saa kumi na moja, huachi tena. Mimi nimelinda. Nilirudi jioni sauti imekauka.

---

bukoba_hadi_niigata

Pole na kazi dada yangu. Naandika kutoka Niigata, Japani, nimeolewa huku mwaka wa tisa sasa, na mkoa huu ni wa mpunga kuliko chochote. Kwa hiyo umenigusa pande zote mbili.

Kwanza nimtoe wasiwasi mama mkwe wako. "Itadakimasu" maana yake ni "napokea", lakini ni kupokea kwa unyenyekevu. Asili ya neno ni kukiinua kitu juu ya kichwa, kama vile kwetu unavyopokea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo. Wapo wanaolitamka kwa moyo wa dini, baba mkwe wangu ni Mbudha na kila asubuhi wali wa kwanza kutoka kwenye sufuria anauweka kwenye madhabahu ya wazee wa nyumbani. Jirani yetu hana dini kabisa, naye hali bila kulisema. Mimi ni Mkatoliki, nafanya ishara ya msalaba kisha nasema itadakimasu, na sijaona vikigombana.

"Gochisosama" ndiyo naipenda zaidi. Ndani yake kuna neno la kukimbia huku na kule. Yaani unamwambia aliyekulisha: nimeona ulivyohangaika kwa ajili yangu. Mara ya kwanza mume wangu ananieleza nilimkumbuka mama yangu Bukoba, mgeni ameingia bila taarifa, anavyozunguka mgombani nyuma ya nyumba kutafuta mkungu uliokomaa.

Na usidhani watoto wa huku wanazaliwa wakiwa na shukrani. Wanafundishwa, tena kwa vitendo. Shuleni kwa mwanangu chakula cha mchana wanapakuliana wenyewe kwa zamu, wamevaa aproni na kofia nyeupe, na darasa zima linasubiri mpaka kila mtu awe na sahani yake. Nyumbani nako bibi yao anawatisha: ukiacha mchele utapofuka macho. Wengine husema kila punje inakaliwa na miungu saba. Mama mkwe wangu alilima kwa mkono ujana wake, mgongo wake umepinda mpaka leo, na bakuli lake likiisha unaweza kudhani limeoshwa.

Kuhusu yule mzee wa mageti. Huku tarehe 23 Novemba ni sikukuu ya kushukuru kazi, iliwekwa kisheria mwaka 1948, na siku hiyo hiyo zamani ilikuwa ya kutoa shukrani za mavuno mapya. Siku zinapokaribia, watoto wa chekechea wanachora picha na kuwapelekea polisi, wazima moto, watu wa aina hiyo, ambao nao "ndiyo kazi yao". Mwaka jana wangu alimchorea dereva wa basi. Yule baba aliibandika karibu na usukani.

Mtume binti yako kwa mzee, dada.

---

mkulima_wa_mwea

Salamu kutoka Mwea, Kirinyaga, Kenya. Mama, nimesoma mara mbili, na nina jambo ambalo labda halitafurahisha kila mtu.

Sisi pia tunalima mpunga wa maji, aina ya pishori, na Wajapani wametusaidia huku pia, sikatai. Lakini mifereji ya kwanza ya Mwea ilichimbwa miaka ya hamsini na wafungwa wa Mau Mau, wapigania uhuru wetu, chini ya ulinzi wa serikali ya kikoloni. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Alishika jembe na askari amesimama nyuma yake na bunduki. Hakuna bango lolote shambani kwetu lenye jina lake. Kwa hivyo watoto wangu wanapojifunza kushukuru, naanza na yeye. Ukihesabu maharage, hesabu na waliochimba. Hata huko kwenu, mgeni alileta ramani na mashine, lakini baba zenu walichimba pia. Hilo mwambie binti yako, asije akafikiri shukrani inaelekea upande mmoja tu wa bahari.

Nikishasema hilo, kuna upande mwingine. Profesa wetu Wangari Maathai, mwaka baada ya kupata Nobeli ya Amani ya 2004, alienda Japani akasikia neno "mottainai". Ni kama kusema "jamani, ni hasara, kitu hiki hakikustahili kutupwa", na ndani yake kuna heshima kwa kile kitu chenyewe. Alilipenda akazunguka nalo duniani, watu wengi wakalijua kupitia kwake. Mama wa Nyeri akawakumbusha Wajapani neno lao wenyewe! Mimi ndilo ninalotumia nyumbani gunia likimwagika. Watoto wanapiga magoti wanaokota.

---

mzee_wa_bonde (Pemba)

Assalaam alaykum wanangu.

Nimefurahi kukusoma, mwanangu wa Moshi. Huku kwetu tunakula kwenye sinia moja, na mtoto hufunzwa tangu anajua kukaa: bismillahi, mkono wa kulia, kula mbele yako. Tonge likianguka unaliokota, unaliondoa uchafu, unalila, usimwachie shetani. Na unaramba vidole, kwani Mtume (SAW) ametufunza kuwa hujui baraka iko kwenye chembe ipi ya chakula chako. Hiyo punje iliyoganda kwenye mchicha, pengine ndimo ilimokuwa.

Juu ya kuwashukuru watu, sisi tuna hadithi ya Mtume kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo mama mkwe wako asiwe na hofu, kumtaja mtu hakumpunguzii Mungu kitu.

Bondeni kwetu kazi ya mpunga ni ya wanawake zaidi. Nilikuwa nikila wali miaka yote hiyo bila kuuliza. Mke wangu alipovunjika mkono ikabidi niende mimi kupandikiza. Siku ya kwanza kufika saa nne mgongo ulikuwa hauinuki. Niliporudi nilikaa kizingitini nikamwambia ahsante. Akaniuliza, "Ya nini?" Nikamwambia, ya miaka thelathini na moja. Alikwenda jikoni, hakunijibu, lakini usiku ule alinitilia ukoko, naye anajua ndio ninaoupenda.

---

mama_majaruba

Ndugu zangu, nimesoma yote kwa sauti jana jioni mbele ya mama mkwe na mtoto. Simu ilizunguka mikononi kama barua ya zamani.

Ya mzee wetu wa Pemba mama mkwe aliomba nirudie. Kaka wa Mwea, una haki, na umenisahihisha. Tuliongeza harage la babu yako ingawa hakuchimba kwetu, na la baba yangu, na la vijana wanaozibua mfereji kila msimu. Binti akasema basi na mto Rau unaotuletea maji uwekewe, na Njoro. Na mengine tuliyokumbuka, tumefika 61. Bakuli limekaa juu ya kabati, haruhusu mtu kuyapika.

Usiku huo mama mkwe ndiye aliyesali. Amesali sala ile ile tangu niolewe, ninaijua mpaka anapovuta pumzi. Safari hii aliposema "ubariki chakula hiki" hakuishia pale. Akasema, "na mikono iliyochimba, na iliyopanda, na iliyofungua maji." Tukasema amina. Kisha akamgeukia mjukuu wake akamwambia, "Haya, sema na lile la kwako." Mtoto akasema itadakimasu.

Leo asubuhi nimepima kilo mbili za mchele mpya, wa mbegu ya SARO 5, tumeukoboa wiki hii, bado unanukia. Binti akachora geti la mfereji na mtu ameshika tochi, akaandika chini "Asante babu kwa maji ya mama". Nilitaka twende wote, akasema anaenda mwenyewe kwanza, mimi nifuate na asante yangu.

Alirudi anakimbia. Anasema babu aliishika karatasi kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu, akachota mchele kidogo kwenye kiganja akanusa. Halafu akamuuliza, "Huu ni wa jaruba lipi?"

Mtoto hakujua. Amezaliwa hapa, anakula mpunga huu tangu anaota meno, hajui jaruba letu ni lipi. Alisimama mlangoni anahema, ananiuliza mimi.

Nimemwambia ni la nne kutoka getini, mkono wa kushoto, lenye mkorosho kwenye tuta. Amesema hataki kuambiwa, anataka kuliona. Jumamosi tunaondoka saa kumi na moja, na babu amesema tutamkuta pale getini.