Mawakala wa hija, nani aliwatuma mtupeleke Mlima Sinai siku ya Jumapili?

Wakuu, heshima kwenu. Mods, naomba uzi huu msiuhamishie jukwaa la dini. Haya ni malalamiko ya mteja aliyelipa hela yake halali akauziwa mbuzi kwenye gunia.

Nimerudi juzi kutoka hija ya Nchi Takatifu, ile inayoanzia Cairo. Wakala simtaji, mwenyewe anajijua na humu anapita kila siku. Kwenye ratiba waliyoturushia WhatsApp kulikuwa na mstari huu: "Kupanda Mlima Sinai na kutembelea Monasteri ya Mtakatifu Katarina." Kwa mstari huo kuna kina mama pale kundini walichanga mwaka mzima, wengine waliuza ng'ombe. Basi tukafikishwa kule Jumamosi jioni, usiku tukapandishwa mlima, Jumapili asubuhi tukashuka, tukakuta lango limefungwa.

Na halikufungwa kwa dharura. Wale ni watawa wa Kiorthodoksi wa Kigiriki. Jumapili wako kwenye ibada, hawapokei watalii. Ijumaa kwa kawaida vilevile, na sikukuu zao kubwa vilevile. Siku zilizobaki wanafungua asubuhi tu, kuanzia saa tatu mpaka kama saa sita kasorobo. Hilo si siri, kila dereva wa Sharm el-Sheikh, mji wa watalii kule Misri, analijua. Mtu unayejiita mtaalamu wa hija, unayechukua mamilioni ya watu, hulijui?

Kiongozi wa msafara alipobanwa akajibu: "Tupige picha hapa nje, ukuta ni uleule."

Ukuta ni uleule! Ndugu yangu, ukuta ule uliujenga wewe? Uliamriwa na Kaisari Justinian katika karne ya 6, kuzunguka mahali ambapo Wakristo walikuwa wakisali tangu karne ya 4, wakiamini ndipo kilipowaka kile kichaka cha Kutoka 3. Kichaka chenyewe wanakionyesha mpaka leo, kimo ndani, na kwenye kikanisa chake unaingia umevua viatu kama Musa. Karne na karne lango kubwa lilizibwa kwa kuogopa wavamizi, mgeni akawa anavutwa juu ya ukuta ndani ya kapu, kwa kamba. Watu walikubali kuning'inia kwenye kapu ili waingie mle, sisi tunaambiwa tupige picha kwa nje!

Kuna picha takatifu ya Kristo ya karne ya 6, mojawapo ya kongwe kabisa duniani, upande mmoja wa uso mpole, wa pili mkali. Karne ya 8 wafalme wa Constantinople walipoamuru picha takatifu ziharibiwe, hizi za Sinai zilipona kwa sababu eneo lile lilikuwa tayari chini ya utawala wa Waislamu, amri ya mfalme haikufika. Watawa wanatunza pia nakala ya hati ya ulinzi ambayo mapokeo yao yanasema walipewa na Mtume Muhammad (S.A.W.), na ndani ya kuta hizohizo kuna msikiti wa enzi za Wafatimia, watawala Waislamu wa Misri ya zamani. Msikiti ndani ya monasteri! Jambo kama hili lingetosha kutufundisha kitu sisi tunaogombana kila siku huku nyumbani. Lakini nani atufundishe, wakati kiongozi wetu alikuwa bize kutafuta chaji ya simu?

Halafu maktaba. Kwa hati za kale wanaihesabu ya pili baada ya Vatican. Pale ndipo ilipokuwa Codex Sinaiticus, Biblia ya Kigiriki ya karne ya 4 iliyoandikwa kwa mkono juu ya ngozi. Msomi mmoja wa Biblia, Mjerumani Tischendorf, alifika 1844 akaondoka na karatasi 43, akarudi 1859 akaondoka na sehemu kubwa iliyobaki, ikaishia Urusi. Watawa wanasema aliazima na akaahidi kwa maandishi kurudisha, Warusi wakasema walipewa. Mwaka 1933 serikali ya Kisovieti ikaiuzia Uingereza kwa pauni 100,000, na mpaka leo iko London. Nikiwaza hilo napandwa na hasira nyingine kabisa, lakini huo ni uzi wa siku nyingine.

Turudi mlimani, maana huko ndiko walikotaka kutuua.

Mlima Musa, ndio huohuo Sinai, una mita 2,285. Walichotuambia kwenye kikao cha maandalizi ni kwamba "hata bibi anapanda." Hawakusema kwamba mnaanza kupanda usiku wa manane ili jua liwakute juu. Hawakusema kwamba miezi ya baridi maji yanaganda kule na theluji inaanguka. Watu wa Dar wametoka na vikoti vya kwenda navyo Lushoto! Nimemwona mama mmoja mtu mzima, mwenye kisukari, amejifunga kanga mbili juu ya sweta, amevaa soksi mikononi, anatetemeka mpaka rozari inagongana na chupa ya maji. Tochi hana, anafuata mwanga wa simu ya kijana aliye mbele yake.

Njia zenyewe ziko mbili, na hilo nalo tulilijua tukiwa kulekule. Kuna Ngazi za Toba, kama ngazi 3,750 za mawe ambazo mapokeo yanasema zilipangwa na mtawa aliyekuwa akitimiza kitubio. Na kuna njia ya ngamia, ndefu zaidi lakini nafuu kwa magoti. Sisi tulikwenda ya ngamia. Tatizo ni kwamba ngamia hafiki kileleni. Anakushusha, na zinabaki ngazi kama 750 za kupanda kwa miguu, giza totoro, mawe yamelainika kwa nyayo za watu. Waliolipia ngamia walidhani wamemaliza kazi. Mama wa soksi alikaa pale chini ya ngazi akalia. Kileleni hakufika.

Wenye ngamia siwalaumu hata kidogo. Ni Mabedui wa kabila la Jebeliya, Waislamu, na simulizi yao inasema mababu zao waliletwa na huyohuyo Justinian kuja kuitumikia na kuilinda monasteri. Kazi hiyo wameirithi. Bei walizitaja mapema, kijana wao ndiye aliyemfunika mama yetu blanketi na kumtafutia chai. Aliyetakiwa kufanya hivyo ni yule tuliyemlipa, naye alikuwa mbele huko anajirekodi video ya tangazo la safari ijayo.

Kule juu kuna kikanisa cha Utatu Mtakatifu, kilichojengwa 1934 kwa mawe ya kanisa la Justinian lililobomoka. Mara nyingi kinakuwa kimefungwa, na sisi tulikikuta kimefungwa. Pembeni yake kuna jengo dogo. Mtu akauliza ni nini, kiongozi akajibu bila hata kupepesa macho: "Stoo." Wakuu, ule ni msikiti! Waislamu wa humu mnajua Turi Siniin, yaani Mlima Sinai, ya Surat At-Tin kwenye Qur'ani ina uzito gani kwenu, halafu mtu anawaambia mahujaji ni stoo.

Najua atakuja mtu hapa kusema hija ni moyo, si majengo, tena tumshukuru Mungu tumerudi salama. Sawa mkuu. Basi moyo ungeniambia nibaki nyumbani nisome Kutoka 19, nisingedaiwa dola.

Na msiniambie "mtarudi mwaka mwingine." Kwanza hela iko wapi? Pili, Misri inajenga mahoteli na miradi ya utalii katika eneo lile, na Mei 2025 mahakama ya rufaa ya Ismailia iliamua kwamba ardhi ni mali ya serikali, watawa wana haki ya kuitumia tu. Ugiriki ikaja juu. Wanasiasa wa pande zote wanasema hakuna atakayewafukuza watawa, lakini utulivu ule ambao mtu alikuwa anaufuata jangwani, mimi sina imani kama utakuwepo mwaka huo mwingine.

Wanaoondoka karibuni: fungueni ratiba yenu sasa hivi, angalieni siku ya Sinai inaangukia lini. Ikiwa Ijumaa au Jumapili, kataeni kabla ya kumalizia malipo. Ulizeni nani anabaki na wazee wasiopanda, na kama kuna mtu wa huduma ya kwanza. Koti zito, glavu na tochi ni juu yako, usimsubiri mtu.

Wakala tumemwandikia kudai sehemu ya hela. Kajibu kwa mstari wa Ayubu na emoji ya mikono ya sala, kisha kalifunga grupu wasiandike wengine isipokuwa admin. Wanasheria wa humu: huduma imeandikwa kwenye ratiba, imelipiwa, haikutolewa. Naanzia wapi? Risiti ninazo, na ratiba niliipiga skrinishoti kabla hajaifuta.