Majirani wa Ploti: Namba 6

Baba Kevo, 6:48 jioni
Majirani, habari za jioni. Nimesikia namba 6 inaingia familia ya Wasomali kutoka Mandera. Naomba twende kwa mwenye ploti pamoja tumkataze. Tuna watoto hapa.

Mama Njoki
Kodi ni yao na nyumba ni ya mwenyewe. Sisi tunaingilia wapi?

Baba Kevo
Mama Njoki, mdogo wangu alikuwa kwenye basi lililovamiwa na Al-Shabaab kule Mandera, Novemba 2014. Alikuwa mwalimu, anarudi nyumbani kufunga mwaka. Walioshindwa kusoma shahada, lile tamko la imani ya Kiislamu, walilazwa chini wakapigwa risasi. Watu 28. Nilimtambua kwa viatu.

Mama Njoki
Uwiii, Baba Kevo. Pole sana. Miaka hii yote hukutuambia.

Mwalimu (namba 2)
Pole ndugu yangu. Huenda nilimjua. Mwaka huo nami nilikuwa nafundisha Mandera, nimepanga kusafiri Jumatatu. Basi lilivamiwa Jumamosi. Asubuhi hiyo mama mwenye nyumba wangu, Msomali, aligonga mlango kwa ngumi akinikuta napiga pasi shati. Hakusema kitu. Alikaa sakafuni akalia mpaka mtandio ukalowa. Alidhani nimeondoka na basi lile.

Mwalimu (namba 2)
Mimi sikurudi tena huko. Wengi wetu tulikataa, tukadai uhamisho. Kwa hivyo hofu yako siicheki.

Baba Kevo
Basi unanielewa.

Mwalimu (namba 2)
Nakuelewa. Lakini ngoja nimalize. Desemba 2015 Al-Shabaab walivamia basi jingine karibu na El Wak, hili likienda Mandera. Wakaamuru Waislamu wakae huku na Wakristo kule. Abiria wakakataa kutengana. Kina mama walikuwa wamewavisha wenzao Wakristo hijabu zao humo humo garini. Wakawaambia wale watu: tuueni sote au mtuache. Jaribu kujiweka kwenye siti ile, bunduki iko mlangoni, na wewe unaweza kuokoka kwa kunyoosha kidole tu.

Mwalimu (namba 2)
Kulikuwa na naibu mwalimu mkuu anaitwa Salah Farah. Alipigwa risasi siku hiyo kwa kukataa kuwatenga wenzake, akafariki Januari 2016 hapa Nairobi akitibiwa. Mwislamu, Msomali, mwalimu kama mdogo wako.

Shosho wa namba 1
Huyo nilimsikia redioni. Nilimwombea.

Mama Njoki
Baba Kevo, uko?

Baba Kevo, 7:31
Niko. Nasoma.

Baba Kevo, 7:33
_Ujumbe huu umefutwa_

Baba Kevo, 7:40
Mwalimu, mdogo wangu alikuwa akifundisha hesabu. Mrefu, anacheka kwa sauti. Kama ulimjua, siku moja uje uniambie alikuwa anaishi vipi huko. Hakuna mtu amewahi kuniambia.

Mwalimu (namba 2)
Nitakuja kesho baada ya shule.

Mama Njoki, 8:15
Jamani lori limefika getini. Ni baba, mama na wasichana watatu, mdogo amelala begani. Kitanda kimekataa kupita kwenye ngazi, ni cha mbao kizito.

Shosho wa namba 1
Mvua inakuja pia. Magodoro yatalowa.

Baba Kevo, 8:22
Kitanda cha aina hiyo kinafunguliwa pembeni. Msikivute, mtakivunja. Spana ninayo, nashuka.