Shemeji kagoma kutoa mbuzi, anadai marefa ndio waliombeba Mahomes. Naombeni ushauri

Mha wa Kansas (mleta mada), 1 Februari 2023

Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni mtu wa Kigoma, nipo Kansas City, Missouri, huu mwaka wa saba. Mke wangu ana kaka yake anaishi Cincinnati, Ohio, mwendo wa saa tisa barabarani. Ndiye aliyesimamia mahari yetu, namheshimu sana. Tatizo ni kwamba kwenye mpira wa Kimarekani (NFL) yeye ni Bengals damu, timu ya Cincinnati, na mimi ni Chiefs damu, timu ya hapa kwetu.

Tarehe 21 Januari kwotabeki wetu Patrick Mahomes aliangukiwa mguu na mchezaji wa Jacksonville, enka ikapinda vibaya. Wakamtoa kwa nguvu akapigwe picha, huku nyuma mzee Chad Henne akaingia na kuusogeza mpira yadi 98 mpaka tukafunga. Kipindi cha pili Mahomes akarudi anachechemea, tukashinda 27-20.

Sasa nusu fainali ikawa sisi na Bengals, tarehe 29, hapa hapa Arrowhead. Kumbukeni walikuwa wametufunga mara tatu mfululizo, mpaka wakaanza kuuita uwanja wetu "Burrowhead" kwa jina la kwotabeki wao Joe Burrow. Shemeji akanitumia sauti WhatsApp anacheka, tukawekeana mbuzi. Tukashinda 23-20.

Sasa hatoi. Anasema tumebebwa: dauni ya tatu ilirudiwa bila sababu, na mwishoni kijana wao Joseph Ossai kapewa faulo ya yadi 15 kwa "kumgusa tu" Mahomes nje ya mstari. Nikamwambia shemeji, acha utoto. Neno hilo ndilo lililoharibu. Kakata simu, na jana kamwambia mke wangu kwamba ubatizo wa mtoto wetu Pasaka hatokuja.

Mke wangu hanisemeshi. Anapakua chakula, anaweka mezani, anaondoka. Nifanyeje?

Simba Mla Nyasi

Nimesoma yote. Swali langu ni moja, mbuzi ni dume au jike?

Mwana Kisauni

Ndugu yangu, kuwekeana mbuzi ni kamari, na kamari haina baraka hata mkishinda. Hilo la kwanza. La pili, shemeji aliyekusimamia mahari humwambii "acha utoto", hata kama amevaa nepi. Huku kwetu ungepelekwa na wazee ukapige magoti.

Baba Chausiku

Samahani, tusioujua huo mchezo tufafanulieni. Huo si ndio wanaouita mpira huku wanakimbia nao mikononi? Dauni ni kitu gani?

Yadi Kumi (Dallas)

@Baba Chausiku nitakupa kwa ufupi. Timu inapewa majaribio manne kusogeza mpira yadi kumi. Kila jaribio ndiyo dauni. Ukifika unapewa manne mapya, usipofika unampa mwenzio. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira na kuamua atupe au akimbie. Akiumia huyo, timu imebaki mwili bila kichwa. Ndiyo maana sheria zinamlinda kama yai.

Sasa nije kwa mleta mada. Mimi si Chiefs wala Bengals, nina Cowboys wangu wananitosha kwa presha. Mechi ile niliitazama yote, na shemeji yako ana kesi mbili tofauti ila kaziweka kwenye gunia moja.

Kesi ya Ossai haina rufaa. Zilibaki sekunde 17, matokeo 20-20, Mahomes katoka mbio na ule mguu kutafuta yadi nne. Akazipata, akavuka mstari, mguu wa pili ukiwa tayari umeshakanyaga nje, ndipo Ossai akamsukuma kwa nyuma. Saa ikasimama kwenye 8. Bila ile faulo, mpira uko yadi ya 42, mkwaju wa golini wa kutokea pale (unaoleta pointi tatu) unakuwa kama yadi 60 mpaka kwenye milingoti, usiku wa baridi. Kwa faulo ukaenda yadi ya 27, Harrison Butker akapiga wa yadi 45, zikabaki sekunde tatu. Faulo iliamua mechi, ndiyo. Lakini faulo ilikuwepo. Kijana wa watu alibaki amekaa kwenye benchi analia, goti lenyewe limeumia kwenye tukio lile lile. Niliumia moyo, hasa kwamba ni mzaliwa wa Nigeria, mwenzetu.

Kesi ya dauni ya tatu ni nyingine. Pale hata mimi nilisimama nikawasha taa ya sebuleni.

Mama Wawili

@Yadi Kumi malizia basi, umetuacha njiani

Yadi Kumi

Robo ya nne, zimebaki kama dakika kumi. Chiefs wanacheza dauni ya tatu, wanashindwa kufika. Bengals wanashangilia. Ghafla waamuzi wanasema ile haihesabiki: saa ilikuwa inatembea wakati haikutakiwa, mwamuzi mmoja alikuwa anakimbia kuingia kuusimamisha mchezo, ila kwa kelele za Arrowhead hakuna aliyemsikia. Rudieni. Wakarudia, Mahomes akalazwa chini na mpira. Bengals wakashangilia mara ya pili. Mara kitambaa cha njano cha faulo hiki hapa: mlinzi wao kamshika mpokeaji. Chiefs wanapewa majaribio manne mapya.

Ukiwa shabiki wa Bengals pale unavunja kikombe. Na waamuzi kikanuni walikuwa na maelezo yao, ila walivyoliendesha jambo ilionekana kama mtoto wa mwenye mpira kasema "hiyo haikuwa".

Lakini shemeji anasahau kitu. Ule mfululizo uliishia wapi? Chiefs walipiga mpira kuurudisha kwa Bengals. Hawakupata hata pointi moja.

Kuntu wa Mbagala

Marefa wamekula. Mambo ya Simba na Yanga hayana nchi.

Mha wa Kansas

@Yadi Kumi hili la kwamba hatukupata pointi nilimwambia. Akanijibu, "Ulikula dakika zangu." Kisha akaleta la tatu, kwamba Skyy Moore wetu aliporudisha ule mpira yadi 29 mwishoni, kuna mtu wetu alimsukuma wa kwao mgongoni na marefa wakatazama pembeni.

@Mwana Kisauni maneno yako nimeyapokea, bwana mkubwa.

Kadogo wa Lushi

Ndugu, miye niko Lubumbashi, ule mchezo siujui hata kidogo. Lakini nasoma hapa naona wote munabishana juu ya marefa, na hakuna mutu ameuliza: mulikubaliana nini? Ile sauti ya WhatsApp ilisema nini, neno kwa neno?

Simba Mla Nyasi

KADOGO KAMALIZA. Leta sauti.

Mha wa Kansas

Nimeisikiliza tena, naandika kama alivyosema: "Huyo kiwete wenu, shemeji, mechi hamalizi. Nasema hamalizi. Akimaliza mechi kwa miguu yake mwenyewe, mbuzi juu yangu, beberu mzima, na nitamleta mimi mwenyewe mpaka mlangoni kwako." Halafu anacheka kama sekunde kumi.

Mama Wawili

Kwa hiyo hamkuwekeana kushinda! Mmewekeana KUMALIZA. Marefa wanaingiaje hapo?

Yadi Kumi

Wakuu, mimi nimechoka. Siku tatu nawaeleza dauni, kumbe kesi ilikuwa ya mguu.

Mkanda wa Misuli (mtaalamu wa viungo, Moshi)

Kama kesi ni ya mguu basi niacheni niseme kidogo.

Walichoeleza pale ni kuteguka enka kwa juu. Kuteguka tulikokuzoea ni kule kwa pembeni, unakanyaga shimo, unavimba, unafunga bandeji. Huku kwa juu ni zile kano zinazofunga mifupa miwili ya muundi isiachane. Kila ukikanyaga na kugeuka, mifupa inataka kuachana. Kwotabeki wa mkono wa kulia akitupa mpira anausukuma mwili wote kutoka mguu wa kulia, na wake ulioumia ndio huo huo. Mchezaji wa kawaida namweka nje wiki nne mpaka sita, na wengine zaidi. Mahomes alicheza siku ya nane na akatupa yadi 326. Shemeji yako hakuwa mjinga kusema hamalizi. Ningekuwa mimi ningeweka mbuzi wawili.

Nikiangalia zile mbio za mwisho, sitazami alivyosukumwa, natazama hatua zake tano kabla. Anakwepa kuukanyaga kisigino.

Na kuna jambo linaniudhi mashabiki wakisema "shujaa kacheza na maumivu". Enka ni yake, anaijua, anaamua. Kichwa si hivyo. Huko huko Cincinnati kwa shemeji yako, Septemba 2022, Tua Tagovailoa wa Miami alibamizwa chini vidole vikakakamaa hewani, akatolewa kwa machela. Siku nne kabla alikuwa amegongwa kwenye mechi ya Buffalo, kainuka anayumba kama mlevi, akaruhusiwa kurudi kwa maelezo kwamba ni mgongo. Chama cha wachezaji kikamfukuza daktari wa kujitegemea aliyehusika, na Oktoba wakabadilisha utaratibu: ukiyumba tu baada ya kugongwa, hurudi mchezoni siku hiyo. Hapo ndipo pa kugombana na ligi, jamani, siyo kwenye kusukumwa kwa Mahomes.

Kuntu wa Mbagala

Daktari umesema vizuri ila bado marefa wamekula.

Mha wa Kansas

Wakuu, nimemwekea ile sauti yake kwa adabu, nikaanza na shikamoo. Amejibu leo asubuhi. Anasema hata hivyo Mahomes "hakumaliza kwa miguu yake mwenyewe" kwa sababu tendo lake la mwisho uwanjani alisukumwa na Ossai akaangukia nje.

Simba Mla Nyasi

😂😂😂 huyu shemeji apewe uwakili

Mama Wawili

Basi mwambie kama Ossai alimwangusha, faulo ilikuwa halali. Achague moja. Ama alimgusa tu na jamaa kamaliza kwa miguu yake, ama alimwangusha na refa hakukosea.

Yadi Kumi

@Mama Wawili nakuvulia kofia.

Mwana Kisauni

Msimfundishe kumshinda shemeji yake kwa hoja, mtamharibia nyumba. Bwana mdogo, mbuzi huyo hata ukimpata kwa hoja, atakukwama kooni Pasaka. Mtu hagombei mbuzi hapo. Timu yake imefika mlangoni miaka miwili mfululizo. Mwaka jana alikuwa mshindi pale pale kwenu, 27-24, muda wa nyongeza, kisha kombe likamkosa. Safari hii kakosa kwa sekunde nane. Hata mimi wa Arsenal namuelewa. Yeye mkubwa, wewe mdogo, mpe kitu cha kushika mkononi.

Mha wa Kansas

Kitu gani?

Mwana Kisauni

Wewe mwenyewe, moyoni mwako, ile dauni ya tatu uliionaje?

Mha wa Kansas

(baada ya siku mbili)

Ukweli? Nilishangaa. Nilikuwa sebuleni na jamaa watatu wa kazini, wote Chiefs, na ile nafasi ya pili ilipotolewa hakuna aliyeshangilia. Tuliangaliana tu, mmoja akaenda jikoni kufuata soda.

Mwana Kisauni

Hilo mwandikie. Kwenye grupu la familia, wakwe wakiona.

Simba Mla Nyasi

Hapana, atakosa mbuzi

Mha wa Kansas

MREJESHO, 13 Februari

Samahani kwa ukimya, nilikuwa zamu za usiku na jana ilikuwa Super Bowl, fainali yenyewe. Chiefs 38, Eagles 35. Mahomes aliumia enka ile ile tena kabla ya mapumziko, akaenda benchi uso umekunjamana, akarudi, na robo ya nne akakimbia yadi 26. Dada wa Moshi, nilikukumbuka, nilikuwa nahesabu visigino.

Sasa bila shaka mmesikia. Dakika mbili za mwisho, 35-35, dauni ya tatu, tumekosa pasi, kitambaa cha njano. Mlinzi wao James Bradberry kamshika mpokeaji wetu. Majaribio mapya, tukala saa, Butker akamaliza. Simu yangu ikalia kabla mechi haijaisha. Shemeji! Wiki mbili hajanipigia. "UNAONA? UNAONA?" Nikanyamaza, nikamwacha aseme yote. Baadaye yule Bradberry mwenyewe akawaambia waandishi kwamba kweli alivuta jezi, alitumaini tu watamwachia. Nikamtumia shemeji bila kuongeza neno.

Na nikaandika kwenye grupu la familia kama bwana wa Kisauni alivyosema: kwamba ile dauni ya tatu tarehe 29 ilikuwa ya ajabu, kwamba hata sisi tuliokuwa sebuleni hatukushangilia, na kwamba "acha utoto" lilikuwa neno baya kwa mtu aliyenisimamia. Mama mkwe kaweka dole gumba. Mke wangu kasoma, hakusema kitu, ila usiku ule tulikula meza moja.

Shemeji kakaa saa nne hajajibu. Kisha kaandika: "Ile ya Ossai lakini ilikuwa faulo." Dakika moja baadaye: "Kupita na mbuzi mzima Missouri wanaruhusu, au ninunue huko huko?"

Simba Mla Nyasi

Hajasema dume au jike.

Mha wa Kansas

Beberu. Ipo kwenye sauti.