Tupeane uzoefu: waliofuatilia fao la kukosa ajira hapa Tanga, mlilipata au barua iliwakwamisha?

Mwana Mabawa

Wakuu, salaam za jioni. Mwenzenu niko Mabawa, leo siku ya kumi na nane tangu niambiwe nisirudi. Nilikuwa stoo kwenye kiwanda kimoja, miaka minne na ushei. Ijumaa tumetoka kuswali, tumerudi tumekuta majina ubaoni, watu ishirini na mmoja. Kuhusu barua ya kuachishwa kazi tukaambiwa tutaitwa. Mpaka leo simu haijalia.

Nasikia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kuna fao la kukosa ajira. Ila kila ninayemuuliza ana lake. Mmoja anasema hela hizo ni za wenye digrii, mwingine anasema lilishafutwa, wa tatu kaniambia nitulie mpaka nifike miaka 55. Nataka kusikia kwa aliyepita mwenyewe, si aliyesimuliwa kijiweni. Aliyelipwa aseme alilipwa nini, aliyekwama aseme alikwamia wapi. Majina ya kampuni na mabosi tuyaache, tusije kuitana polisi bure.

Mama Sahare

Mimi nililipwa, tena bila kujuana na mtu. Hoteli ilipunguza watu 2021, wageni walikuwa hakuna, nami nilikuwa mapokezi. Mshahara wangu ulikuwa 420,000. Fao lenyewe ni theluthi, 33.3% ya mshahara, kwa miezi sita na basi. Kwangu ilikuja 139,860 kila mwezi. Kodi 60,000, inayobaki ndiyo unga, mkaa na nauli ya mtoto wa sekondari. Si hela ya kujengea. Ila mwezi wa kwanza ilipoingia nililala usingizi ambao sikuupata tangu nitoke kazini.

Masharti waliyonieleza: uwe umechangia angalau miezi 18, uwe hujafika miaka 55, na kazi iwe imekuacha yenyewe. Ukiiacha wewe kwa hiari, hupo kwenye hesabu. Aliyechangia chini ya miezi 18 hapati hiyo ya kila mwezi, anapewa nusu ya michango kwa mkupuo.

Kilichonichelewesha ni jina. Karani wa mishahara alimpa babu yangu herufi ambayo hakuzaliwa nayo, kwa hiyo kitambulisho cha taifa kinasema hivi na michango inasema vile. Nikaenda kwa wakili kula kiapo cha majina, nikarudi. Mwana Mabawa, kabla hujaenda popote toa kadi zako zote uziweke mezani, soma herufi moja moja.

Mzee wa Korona

Kabla hamjacheka, korona ninayoisema ni ile mashine ya kuchambua mkonge, ilikuwapo kabla ugonjwa haujaiibia jina. Nimeanza Korogwe enzi ya NPF, kabla haijawa NSSF. Wakati huo ukitoka kazini unasubiri kidogo, unachukua chako chote unakwenda zako. Fao la kujitoa. Hili la theluthi limekuja na sheria ya 2018, mwaka ule mifuko ya PPF, PSPF, LAPF na GEPF ilipounganishwa kuwa PSSSF ya watumishi wa umma na sisi wa binafsi tukabaki NSSF.

Vijana wananiuliza lipi bora. Mimi changu nilichukua chote nikaezeka bati, na bati lipo. Jirani yangu alichukua chake akaoa mke wa pili. Mke naye yupo, lakini mzee sasa hivi kila mwisho wa mwezi anakuja kwangu kukopa sukari. Sasa yakhe, jibu lipi hapo?

Mwana Mabawa

Mzee wangu umenichekesha na shida zangu. Mama Sahare, ahsante sana. Barua ya kuachishwa ulipewa au uliidai? Na iliandikwaje? Kuna mwenzetu mmoja kati ya wale ishirini na mmoja ameitwa leo, ameambiwa akiandika yeye mwenyewe kwamba ameomba kuacha kazi, wanampa mshahara wa mwezi mmoja siku hiyohiyo.

Dada Chumbageni

ASIANDIKE. Mpigie simu sasa hivi, nasubiri.

Ndivyo nilivyoliwa mimi. Nilikuwa nafundisha shule binafsi, 2022, mimba ya miezi saba. Mkuu akaniita, akaniambia kwa upole kabisa kwamba kwa hali yangu ni vizuri nipumzike, niandike barua ya kuomba kuacha kazi ili "nisiharibu rekodi", na nafasi yangu ingekuwepo nikijifungua. Nikaandika. Hata mwandiko niliupamba, mwalimu wa Kiswahili tena! Nilipokwenda kufuatilia fao, karatasi ikawa inasema nimeacha kazi kwa hiari. Dada wa kaunta alinionea huruma kweli, lakini mkono ni wangu, sahihi ni yangu.

Hapo ndipo mtu akanielekeza CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nikaambiwa mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya siku 30. Mimi nilikuwa siku ya 74 na kichanga mgongoni. Ipo fomu ya kuomba kusikilizwa nje ya muda, CMA F2, unaeleza sababu. Nilikata tamaa, sikuijaza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko barua yenyewe.

Mwana Mabawa

Nimempigia. Hajaandika. Anasema walimpa na kalamu.

Zamani Rasilimali

Nimesoma kimya tangu mwanzo, sasa acheni niseme na mnitukane mkipenda. Nimekuwa afisa rasilimali watu miaka tisa, viwanda viwili tofauti. Hizo kalamu nimewahi kuzitoa mimi.

Sababu ni hesabu. Mwajiri akipunguza watu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka atoe taarifa mapema, aseme sababu, ashauriane na wafanyakazi au chama chao namna ya kuchagua nani atoke. Anayelipwa kwa mwezi anapewa notisi ya siku 28 au pesa yake. Aliyemaliza mwaka mmoja au zaidi ana kiinua mgongo, mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, mpaka miaka 10. Zidisha kwa watu ishirini na mmoja. Halafu linganisha na karatasi moja ya mtu kuomba kuacha kazi mwenyewe. Bosi hakuwahi kuniambia nidanganye. Aliniambia "ongea nao". Nikaongea nao.

Na nitakuapia, siku zile sikufikiria NSSF hata mara moja. Nilijua namwokolea kampuni kiinua mgongo. Kwamba karatasi ileile inamfungia mtu theluthi yake ya miezi sita, nilikuja kulijua nilipotolewa mimi. Na mimi nilidai barua ya kupunguzwa kazi siku hiyohiyo, kwa maandishi, kwa sababu nilijua mlango unafungwaje.

Mwana Mabawa, siku 18 zimekwenda, una 12. Fanya hivi. Andika barua ya kuomba barua yako ya kuachishwa, nakala mbili, moja wakupigie muhuri wa kupokea. Wakikataa kupiga muhuri, nenda na shahidi au itume kwa njia inayobakisha alama, hata WhatsApp kwa afisa utumishi, ile tiki ya buluu isikudharau. Piga picha ule ubao kama majina bado yapo. Dai na cheti cha utumishi, ni haki yako hata kama mmegombana. Usisubiri majibu mpaka siku zikuishie. CMA F1, fomu ya kupeleka mgogoro, inajazwa hata kama bado mnaandikiana.

Mwalimu wa Chumbageni, ile barua yako isingekuwa mwisho wa habari. Mtu aliyesukumwa mpaka akaandika, sheria inamtambua kama aliyeachishwa, akiweza kuthibitisha. Nisamehe kwa niaba ya wenzangu.

Dada Chumbageni

Nimekusoma. Sijui kama nimekusamehe, lakini nimekusoma.

Lindo la Usiku

Mimi nilikuwa mlinzi, maghala ya kule Pongwe, miezi 26. Barua ninayo, safi, ina muhuri. Nikafika kwenye fao nikaambiwa michango inayoonekana ni ya miezi 17. Kumi na saba! Mwezi mmoja tu nilie.

Slipu zangu za mshahara zote zimekatwa. Kila mwezi NSSF imeandikwa, sehemu yangu imetoka. Kumbe bosi alikuwa anakata, hapeleki. Akibanwa anapeleka miezi miwili, anakaa. Wengi wetu hatukuwa na hizo slipu, zilikuwa zinaletwa getini zinasainiwa zinarudishwa. Mimi nilikuwa nazipiga picha kwa ajili ya mkopo wa pikipiki, ndiyo bahati yangu.

Nikapelekwa kwa afisa matekelezo. Hao ndio kazi yao kuwafuata waajiri wasiopeleka. Nikaacha nakala za slipu zote. Ilichukua miezi, sitawadanganya, nikawa nabeba mizigo soko la Mgandini huku nasubiri. Michango ilipoingia ikawa 24, bado miwili hajailipa mpaka leo, lakini nikawa nimevuka mstari na nikalipwa.

Kosa langu ni moja, sikuangalia salio nikiwa kazini. Mwajiri ukiwa naye bado unaweza kumuuliza kwa upole, mkiwa kumi mnauliza kwa sauti. Ukishatoka uko peke yako na bahasha yako ya kaki.

Boda Kange

Nyie mnagombania barua. Mimi nipo stendi hapa Kange, wa kuniachisha kazi ni mvua. Nani ataniandikia barua, mawingu?

Mama Sahare

Haya Boda, umesikika. Mchango wa hiari upo, uweke wa uzeeni. Lakini hili fao kweli linamtaka mtu aliyekuwa na mwajiri.

Mtanga wa Ohio

Nawasalimu kutoka Columbus, Marekani, mzaliwa wa Makorora. Machi 2020 mgahawa ulifungwa kwa korona (mzee, ile ya ugonjwa). Hapa bima ya kukosa ajira inaendeshwa na kila jimbo kivyake. Niliomba kwa simu, usiku, kwenye mtandao. Kila wiki nathibitisha kwamba bado sina kazi, wiki ijayo hela inaingia, na serikali kuu ikaongeza dola 600 kwa wiki mpaka mwisho wa Julai mwaka ule. Isiwadanganye, mfumo ulizidiwa, kuna niliowajua walikaa wiki nyingi bila senti.

Lakini nimesoma hadithi zenu nikaona tofauti moja. Hapa sikuulizwa barua. Nilitaja jina la mwajiri na siku ya mwisho kazini, idara yenyewe ikamwandikia mwajiri kumuuliza ilikuwaje. Akisema uliacha mwenyewe, nawe unapewa nafasi ya kujibu. Mzigo wa kutafuta karatasi hauko kwa aliyefukuzwa.

Zamani Rasilimali

Hilo ndilo ningelipigania mimi. Mfuko tayari unamjua mwajiri, unajua mwezi gani michango ya mtu ilikatika. Umuulize mwajiri moja kwa moja, umpe siku za kujibu, asipojibu maelezo ya mfanyakazi yachukuliwe. Na kila mchango ukiingia, au usipoingia, ujumbe uende kwenye simu ya mwanachama. Mlinzi wa Pongwe angejua mwezi wa pili, si wa ishirini na sita.

Mzee wa Korona

Na ujumbe uje kwa Kiswahili cha kusomeka. Mkata mkonge umwambie "stahiki yako imehuishwa" atafikiri amekufa.

Mwana Mabawa

Wakuu, mrejesho. Leo siku ya 23. Juzi tulikwenda getini watu kumi na sita, kila mmoja na barua yake nakala mbili, aliyeziandika ni binti wa mwenzetu, yuko kidato cha nne, mwandiko wa kompyuta kabisa. Walituacha juani mpaka saa nane. Wakapiga mihuri.

Leo asubuhi tumeitwa. Yangu imeandikwa "kupunguzwa kazi kutokana na hali ya uzalishaji". Nimeisoma mara tatu, jina lipo sawa, la babu pia. Michango nimeiangalia, miezi 47, ila Machi na Aprili za mwaka huu hazipo, hizo nitazipeleka na slipu kwa matekelezo. Watano hawakuja juzi na mmoja wao ameshaandika ile ya kuomba kuacha. Tunakwenda naye CMA Jumatatu, tukutane saa mbili pale kwenye mwarobaini. Dada Chumbageni, kama una nafasi, njoo umweleze wewe, yetu hayasikii.

Dada Chumbageni

Nitakuja. Nina mtoto, mnitafutie kivuli.