Watafsiri wa muvi, nani kawatuma mtumalizie mwisho?

Wakuu, hili ninalo tangu Jumamosi na hasira bado hazijashuka.

Nilikwenda maktaba ya muvi ya mtaani na flashi yangu, nikaomba Inception iliyotafsiriwa ili nimwoneshe mdogo wangu. Kiingereza cha muvi kinampita kushoto, na hii ya Christopher Nolan ya mwaka 2010 ukikosa maneno umepotea: ndoto ndani ya ndoto, karibu saa mbili na nusu. Na mtafsiri aliifanya kazi, simnyimi haki yake. Dogo alizishika ngazi zote za ndoto, ikafika mahali akawa ananieleza mimi.

Tatizo ni dakika ya mwisho.

Stelingi, Cobb, kafika nyumbani. Anaizungusha mezani ile pia yake ndogo. Mnaijua kanuni yake: akiwa ndotoni haianguki, akiwa macho inaanguka. Mara anawaona wanawe bustanini. Muvi nzima tumewaona kisogo tu, safari hii wanageuka na anaziona nyuso zao. Anaiacha pia inazunguka, anawafuata. Kamera inarudi taratibu mezani. Pia inazunguka, inazunguka, inayumba kidogo, na skrini inakuwa nyeusi. Nolan kaishia hapo.

Huyu wa kwetu hakuishia hapo. Pia haijayumba bado, kapaza sauti juu ya muziki wa Hans Zimmer: "Kumbe bado yuko ndotoni! Watoto hakuwapata!" Picha ikakatwa papo hapo, likaingia tangazo lake na namba za simu. Kule kuyumba hatukukuona kabisa! Dogo akanigeukia: "Kaka, kwa hiyo kahangaika bure?" Akanyanyuka, akaenda kulala.

Kayatoa wapi hayo? Michael Caine, aliyecheza kama baba mkwe wa Cobb, alisimulia kwamba Nolan alimwambia sehemu zote ambazo yeye yumo ni za kweli, na pale mwisho yumo. Wengine wanafuatilia pete ya ndoa ya Cobb, lini iko kidoleni na lini haipo, wajue ipi ni ndoto. Watu wanabishana miaka yote hii, mtafsiri kaumaliza ubishi kwa sentensi mbili za kubuni. Na jambo lenyewe ambalo Nolan amelisisitiza kalipita: Cobb haiangalii tena ile pia! Mtu aliyekuwa hawezi kuishi bila kuikodolea macho, leo kaipa mgongo kwa sababu wanawe wako mbele yake. Mimi huo mwisho unanitosha, nashiba kabisa.

Najua kuna watakaosema muvi yenyewe imekatwa ghafla, heri mtafsiri katusaidia. Hapana. Kukatwa ghafla tunakujua sisi tulionunua Bongo muvi za Part 1 na Part 2: jamaa kashika kisu mlangoni, maandishi yanapanda, kanunue nyingine. Pale hadithi ilikuwa katikati ya njia. Ya Cobb imefika nyumbani kwake, swali tu ndilo tumeachiwa sisi.

Bibi yangu akitega kitendawili, hakitegui mpaka apewe mji. Tulikuwa tunabisha hata nusu saa hatutaki kumpa mji, na usiku wenyewe ulikuwa ni huo ubishi. Huyu hatujamwambia hata "tega", keshajibu, tena jibu la uongo.

Watafsiri mnaopita humu, nawaomba kwa dhati: mwenye muvi akinyamaza, na nyie nyamazeni. Ukiwa na maoni yako, yaseme maandishi yakishaanza kupanda, na useme ni yako. Na tangazo lako lisikalie picha ya mtu.

Jumapili niliitafuta ile ya asili, nikamwekea dogo kipande cha mwisho tu, bila sauti ya mtu juu yake. Kairudisha nyuma mara tatu, uso kausogeza karibu na skrini.

"Imeyumba," akasema. "Kaka, umeiona? Imeyumba!"