Tupeane uzoefu: mgeni akija kwenye mkutano wa magari ya spoti, mnampokeaje?

Mwanzisha uzi, Dar es Salaam

Wakuu, salaam.

Kuna jambo linaniumiza na nataka tulizungumze kwa uwazi. Kundi letu hapa Dar hukutana Jumapili asubuhi. Wengi wana Subaru, wachache Altezza na Mark II za Toyota, na Evo ya Mitsubishi moja moja. Kila tukikutana kuna sura mpya, na nyingi kati ya hizo huzioni tena. Juzi nilimtafuta kijana mmoja aliyekuja na Impreza ya bluu, safi kabisa, nikamuuliza mbona kimya. Akanijibu kwa adabu: "Kaka, pale nilisalimiwa na watu wengi, ila hakuna aliyeniuliza jina. Waliangalia rimu, wakapiga picha, wakarudi kwenye duara lao."

Nimelala na maneno hayo. Sisi wapenzi wa magari tunalijua gari la mtu kabla ya kumjua mwenyewe. Kwa waliozoeana haina neno. Mgeni anabaki amesimama peke yake kando ya gari lake, akijifanya anasoma simu. Na ana hofu zake: gari lisionekane bovu, asiulizwe limefanyiwa nini akakosa la kujibu, na zaidi ya yote, tusije tukaanza kukimbizana barabarani na yeye hajazoea.

Kwa maoni yangu, kumkaribisha mgeni hakuishii kwenye kutangaza "wageni wote karibuni sana". Ni kazi ya kupewa mtu mmoja, tena anayejulikana, tangu mgeni anapozima injini mpaka anapofika kwake salama. Sasa nataka kusikia kutoka kwenu. Nani alikupokea mara ya kwanza, na alifanya nini hasa? Tusimulie yaliyotutokea, nadharia tuziweke kando.

Mwenye Altezza, Kinondoni

Mkuu umegusa penyewe. Yangu ni AS200, ile ya injini ya 1G yenye silinda sita. Wanaojua wanajua: wenye RS200, Altezza yenye injini ya 3S ya nguvu zaidi, wakikuona na 1G wanakuhesabu kama umekosea kununua. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kuchekwa, nikapaki mbali na wenzangu chini ya mti.

Akaja mzee mmoja, fundi wa siku nyingi, ana Chaser. Hakuniuliza gari linakimbia kiasi gani. Alisalimia, akauliza jina na ninakoishi, kisha akasema, "Fungua boneti tuione." Nikafungua. Akachomoa stiki ya oili, akaifuta kwa kitambaa, akaichovya tena, akainyanyua kwenye mwanga. "Unaitunza. Hii 1G ukiendelea hivi itakuzika." Boneti ikishakuwa wazi, watu wa magari hawawezi kupita. Muda si mrefu walikuwa watu kama saba wameinamia injini yangu, huyu anaonyesha mpira wa rejeta ulioanza kuchoka, yule anauliza plagi niliweka lini. Mzee akawa ananitambulisha kwa kila anayefika, kwa jina langu, bila kutaja gari.

Tangu siku hiyo na mimi nikimwona mgeni naanza na boneti. Kuna sharti moja tu: unaomba, husogei na kuifungua mwenyewe. Na ukiona kasoro, mwambie pembeni, usiitangaze mbele ya watu.

Mwenye WRX, Nairobi

Habari zenu wadau. Mimi nitaongelea barabara, kwa sababu hapo ndipo huwa tunawapoteza wengi.

Tangu mbio za Safari Rally zirudi kwenye ratiba ya mashindano ya dunia mwaka 2021 na kuweka makao Naivasha, msafara wa kwenda kutazama umekuwa mlango wa watu wengi kuingia klabu. Mtu anajiunga katikati ya wiki, wikendi alfajiri yuko kwenye petroli stesheni ya Waiyaki Way akingoja tuondoke, na hajui mtu.

Kuna klabu zinazomweka mgeni nyuma kabisa, eti ajifunze kwa kutazama. Hiyo ni hatari. Gari ya kwanza ikipunguza hadi 60 kwa sababu ya lori, ya mwisho karibu isimame. Ya kwanza ikirudi 80, ya mwisho italazimika kupita 100 ndio iwafikie. Kwa hivyo yule asiyejua barabara ndiye anayekimbia kuliko wote. Ukiteremka Bonde la Ufa kwa njia ya Mai Mahiu asubuhi, malori yamejipanga na ukungu haujaondoka, hapo unamtafutia mwenzako ajali.

Kwetu mgeni hukaa wa pili, nyuma ya kiongozi tu, na kiongozi huendesha akimwangalia kwenye kioo. Gari ya mwisho huwa ni ya mzoefu mwenye kamba ya kuvuta, jeki na waya za kuwashia betri. Kwenye makutano, hukati kona mpaka umwone aliye nyuma yako. Na hakuna anayempita mgeni, hata kama anaenda polepole. Kabla ya kuondoka kila mtu anaambiwa tunasimama wapi, na namba ya kiongozi na ya gari ya mwisho zinaandikwa kwenye simu ya mgeni hapo hapo.

Kuna safari dada mmoja mgeni alikuwa na Impreza, mshale wa joto ukaanza kupanda kabla hatujafika bondeni. Akasimama kando, tukasimama sote. Alianza kutusihi tuendelee tu, asituharibie siku. Kiongozi hakubishana naye. Alizima gari, akatoa thamosi ya chai, akammiminia. Tulingoja injini ipoe vizuri, maana kifuniko cha rejeta ya moto hakifunguliwi. Ilipopoa tukakuta mpira wa kifuniko umekatika. Mmoja wetu alikuwa na cha akiba, kikaingia, maji yakaongezwa, tukaendelea. Tulifika tumechelewa na hatua ya kwanza ya mbio ilishapita. Sijasikia mtu akilalamika mpaka leo, na huyo dada sasa ndiye huendesha gari ya mwisho.

Mama wa GC8, Mombasa

Assalaam alaykum nyote. Nashukuru ndugu yetu wa Nairobi kumtaja dada, kwa sababu sisi wanawake tuna letu.

Gari ni yangu, Subaru Impreza ile ya GC8, nimeinunua kwa jasho langu. Mara ya kwanza kwenda kwenye mkusanyiko, kila aliyenijia aliuliza, "Shemeji yuko wapi?" Si kwa ubaya, walidhani nimemletea mtu gari. Lakini ukiulizwa hivyo mara ya tatu unaanza kutafuta funguo zako.

Aliyenibakisha ni kijana mdogo kuliko mimi. Alisogea akaamkia, akasema, "Mama, mkanda wa taimingi umebadilisha karibuni?" Basi! Hilo ndilo swali la kumuuliza mwenye EJ20, injini ya Subaru kama yangu. Mkanda ule muda wake ni karibu kilomita 100,000, na ukikatika vali zinagongana na pistoni, injini imekwenda. Nikamweleza nilivyobadilisha mkanda pamoja na pampu ya maji, tukabishana kuhusu spea za asili na za bandia, na nikasahau kabisa kwamba nilitaka kuondoka.

Nawaomba viongozi jambo jengine, tena nalisema kwa msisitizo. Chagueni mahali penye choo kisafi na mwanga wa kutosha, na mseme mapema mkutano unaisha saa ngapi. Mwanamke hatakuja kukaa kwenye uwanja wa giza na watu asiowajua mpaka saa tano usiku, hata mkimkaribisha kwa maneno matamu namna gani. Watoto pia, ruhusuni waje. Wangu wakienda huwa wanapewa nafasi ya kukaa kwenye usukani wakapiga picha, na nyumbani ni wao wanaonikumbusha siku ya kukutana.

Mwanafunzi, Dodoma

Mimi sina gari. Nilikuja kwa bodaboda, nikamwomba dereva anishushe mbali kidogo ili wasinione. Kaka mmoja mwenye Forester ya turbo akaniuliza nimekuja na nani, nikasema peke yangu. Akasema, "Basi leo unakaa mbele na mimi." Njiani akanieleza kwa nini injini ya Subaru imelala, silinda mbili huku na mbili huku, na kwa nini hazimi gari mara tu baada ya kulikimbiza, ili turbo ipoe. Sasa Jumamosi nashinda gereji kwa rafiki yake najifunza kazi. Naomba mkiandika tangazo muweke sentensi moja tu: asiye na gari naye aje.

Mwenye MX-5, Coventry, Uingereza

Ndugu zangu, huku watu si wa maneno mengi, na nilikwenda kwenye mkutano wa wenye Mazda MX-5 nikijua nitakuwa mweusi peke yangu kwenye uwanja ule. Na kweli nilikuwa peke yangu.

Kilichonishangaza kilitokea kabla ya siku yenyewe. Usiku wa kuamkia, mzee mmoja mstaafu aliyepangiwa wageni alinipigia simu. Aliuliza kama najua njia, akanieleza geti la kuingilia, akasema atakuwa amesimama hapo na koti jekundu. Nilipofika alikuwepo, na mvua inanyesha. Alikuwa ameniwekea nafasi ya kupaki kati ya gari lake na la mkewe. Wakati wa chai akanikalisha meza moja na kijana mwenye gari la mwaka sawa na langu, akatuachia mazungumzo. Jioni akatuma ujumbe kuuliza kama nimefika nyumbani.

Simu ya kabla na ujumbe wa baada. Havina gharama yoyote, na mimi vimenifanya niwe mwanachama mpaka leo.

Mdau wa Muscat

Huku joto la kiangazi halikupi nafasi mchana, tunakutana usiku. Desturi yetu ni kwamba mgeni haulizwi gari lake mpaka ameketi, amekula halwa na kunywa kahawa. Vikombe ni vidogo na kahawa inarudiwa, kwa hiyo mazungumzo yanajileta yenyewe: umetoka wapi, wazee wako ni wa wapi. Wengi wetu tunakuta jamaa zetu wanajuana Zanzibar. Magari yanafuata baadaye, na kufikia hapo hakuna tena mgeni.

Mwenye Evo, Moshi

Nawasikia wote, lakini niseme na upande wa pili. Kuna mgeni alikuja kwetu, akapokewa vizuri mno, kila mtu anamsifia. Kijana kichwa kikapanda, wakati wa kuondoka akazungusha gari kwenye maegesho, matairi yakatoa moshi, mawe madogo yakarukia magari ya wateja wa hoteli. Meneja akatufukuza sote na mpaka leo haturuhusiwi pale. Kumkaribisha mtu ni pamoja na kumwambia sheria.

Mwanzisha uzi, Dar es Salaam

Mkuu wa Moshi, nakubaliana nawe kabisa, na naongeza: sheria mwambie akifika, usingoje akosee. Akiambiwa mapema na mwenyeji wake, kwa sauti ya kawaida, anaona ameaminiwa. Akiambiwa baada ya kosa mbele ya watu, umempoteza, na pengine kosa lenyewe alilifanya akidhani ndivyo tunavyotaka. Vijana wengi wanachojua kuhusu sisi ni video za moshi na kelele.

Nimeshaongea na wenzangu. Safari ya Bagamoyo ijayo kila mgeni atakuwa na mwenyeji wake, atapigiwa simu usiku wa kuamkia, na kwenye msafara atakaa wa pili kama wanavyofanya Nairobi. Mama wa Mombasa, ombi lako la choo na muda limeingia kwenye tangazo. Mwanafunzi, na sentensi yako imeingia.

Msomaji mpya, Tegeta

Samahanini wakuu, nimekuwa nikisoma kimya kimya. Nina Vitz, cc 990. Naipenda sana, nimeipaka rangi upya na kuibadilishia springi. Hivi na mimi naruhusiwa kuja, au nitawachelewesha?

Mwenye WRX, Nairobi

Ndugu wa Tegeta, Safari Rally ya 1993 Patrick Njiru aliendesha Subaru Vivio, kagari ka cc 660, akamaliza na kushinda katika daraja lake la magari ya injini ndogo. Nenda.

Mwanzisha uzi, Dar es Salaam

Karibu sana ndugu yangu. Hutatuchelewesha: barabara ya Bagamoyo kuna vibao vya 50 kila penye makazi na askari wa tochi wamejaa, kwa hiyo mwendo ni mmoja kwa wote. Jaza mafuta Jumamosi jioni, angalia upepo kwenye tairi kabla gari halijapata moto, na usitoke Tegeta kuja mjini. Sisi tutakupitia hapo saa moja na nusu asubuhi. Nitumie jina lako na namba inboksi, mwenyeji wako ni yule mwenye Altezza wa Kinondoni, atakupigia.

Mwenye Altezza, Kinondoni

Nimepokea. Springi umeweka za aina gani?