Kuvuta vyura bustanini: kidimbwi, beseni au chungu kibovu?

MchichaUani: Wakuu salaam. Konokono wasio na gamba wananimalizia mchicha, asubuhi nakuta matobo matupu na ute umetapakaa. Sumu sitaki, mboga tunakula wenyewe. Nimeambiwa nivute vyura, wale wenye vipele. Fundi anataka laki na nusu achimbe kidimbwi atandike nailoni, kesho anataka jibu. Au nifukie beseni tu?

Bi Kiwaa: Upo wapi? Uwanja mkubwa kiasi gani? Watoto wadogo wapo? Mnauliza kama tunawaona jamani.

Fundi_Pipa: Kidimbwi, usibahili. Ila upande mmoja uwe mteremko wenye mawe watoke kirahisi. Beseni lina kuta za utelezi, wanazamia humo.

Nyanya Chungu: Laki na nusu ya nini?! Chura hanywi kwa mdomo, anakaa pabichi anafyonza kwa ngozi ya tumbo. Mimi nina chungu kimemeguka ukingo, nimekifudikiza chini ya mgomba, jioni namwagia udongo maji basi. Yupo mmoja mle tangu masika ya mwaka jana, nikifunua ananitazama kama nimeingia chumbani kwake bila hodi. Dimbwi ni la kutagia tu.

Mzee wa Magimbi: Mimi nilichimba. Mwanzo raha, masika yalipoanza wakaja madume, kumbe ndio wanaoimba, mkoromo kama wazee kumi wamelala chali, saa mbili usiku mpaka alfajiri, jirani akanipeleka kwa mjumbe. Sijakaa sawa mbwa akadaka mmoja, na chura nyuma ya macho ana tezi za utomvu mweupe ni sumu ile, mbwa povu linamtoka anajikwangua mdomo, nikamsuuza kwa mpira wa maji kichwa nimemwinamisha asimeze, daktari wa mifugo kafika saa tano usiku, elfu hamsini ikaenda. Dimbwi nikafukia, sasa nina magimbi.

Fundi_Pipa: Hapo kosa la mbwa, si la dimbwi.

Bi Kiwaa: Na viluwiluwi je?

Fundi_Pipa: Vya mbu au vya chura?

Bi Kiwaa: Vya mbu! Dengue mmeisahau?

KukuNaBata: Nunua bata wawili, konokono wanameza kama karanga.

Nyanya Chungu: Na mchicha pia.

Mtu wa Kilombero: Mnahangaika, wenzao, vyura wadogo wa korongo la Kihansi, walipanda ndege mwaka 2000 kwenda kufugwa Marekani 😂

Mzee wa Magimbi: Wale wengine kabisa, hata sentimita 3 hawafiki, na hawatagi, wanazaa vitoto vizima. Kurudishwa korongoni kulianza 2012. Konokono wa huyu bwana wangewameza wao.

MchichaUani: Samahani nilikuwa kazini. Nipo Morogoro, uwanja hatua kumi kwa nane. Mbwa ninao wawili, sikusema? Fundi keshaleta koleo.

Bi Kiwaa: 🤦🏾‍♀️

Nyanya Chungu: Mbwa wanalala wapi usiku? Na taa ya uani mnazima saa ngapi? Wadudu wakikusanyika chini ya taa, chura anakuja mwenyewe.